Moyo Mpya Katika Kifua cha Zamani

Swali lenyewe ni hili, msomaji, na usicheke. Ukichukua gari la spoti la zamani, ukang'oa injini iliyozaliwa nayo, ukaweka injini ya kisasa yenye nguvu mara mbili, je, umelitendea wema gari hilo au umeliua? Najua wapo watakaosema hilo si swali, hizo ni starehe za wenye pesa, sisi tunagombania viti vya daladala. Sawa. Lakini wengi wetu tunaoandika katika kurasa kama hizi tunashinda tukifanya kazi ya namna hiyo hiyo, yaani kuchukua umbo la babu na kutia mashine yetu ndani, na sijaona mtu anayejiuliza ana haki gani. Kwa hiyo nivumilie. Nitaanzia Uingereza na Marekani kwa sababu huko kuna gari moja ambalo kesi yake, ukiifuata vizuri, inawatia aibu watu wa pande zote mbili.

Nje kidogo ya London, mahali panapoitwa Thames Ditton, palikuwa na kampuni ndogo iitwayo AC Cars. Mwaka 1953 walitoa gari la wazi, la watu wawili, bodi ya aluminiamu, jina lake Ace. Lilikuwa zuri. Tazama picha zake, hakuna mstari hata mmoja uliowekwa kwa kujionyesha. Tatizo lake lilikuwa moyo. Injini ya AC wenyewe, ya silinda sita, mchoro wake wa asili ulikuwa wa tangu 1919 hivi. Fikiria, gari la miaka ya hamsini linasukumwa na fikra za mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza! Baadaye wakawa wananunua injini za lita mbili kutoka Bristol, na hizo nazo ukizichimba asili yake unaikuta BMW ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ilipofika 1961, Bristol wakaachana nazo. Gari likabaki kifua wazi.

Hapo ndipo anapoingia Carroll Shelby, mtu wa Texas. Alikuwa dereva wa mashindano. Mwaka 1959 yeye na mwenzake Roy Salvadori walishinda mbio za saa 24 za Le Mans wakiwa na Aston Martin. Lakini moyo wake ulikuwa mbovu. Alikuwa akikimbiza gari huku ameweka kidonge cha nitroglisirini chini ya ulimi, na mwaka 1960 ikabidi aache. Mtu ambaye moyo umemkatalia akasikia kuna gari ambalo moyo umelikatalia. Akawaandikia AC barua: je, mko tayari kuniletea magari yasiyo na injini, nitie injini ya Kimarekani? Ford walikuwa ndiyo kwanza wametoa injini ndogo ya V8, nyepesi kuliko V8 zilizozoeleka. Februari 1962 bodi na chesisi ya kwanza ikafika California, na katika karakana ya Dean Moon injini ya Ford ikashushwa ndani. Likaitwa Cobra.

Lakini kubadili injini si kama kubadili betri. Ukitia nguvu mpya, kila kiungo kinaanza kulalamika. Difu ya zamani haikuweza kubeba, ikatafutwa nyingine. Chesisi ikaongezwa unene. Na ilipofika 1965 wakatia injini ya lita saba, chesisi ya zamani yenye springi za majani ikashindwa kabisa, ikabidi ichorwe upya na kuwekewa springi za koili. Mwaka huo huo wa 1965 magari ya Cobra yakachukua ubingwa wa dunia wa magari ya GT, yakawapiku Ferrari. Ya asili yaliyotengenezwa hayazidi sana elfu moja. Lile la kwanza kabisa, lenye namba CSX2000, liliuzwa kwenye mnada mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75.

Sasa angalia mambo. Nenda leo kwa mtu mwenye Cobra ya asili ya 1963, mwambie: "Mzee, hii injini yako ya Ford imepitwa na wakati, inakula mafuta, ina kabureta. Hebu tuing'oe tukutilie ya kisasa ya kompyuta." Atakufukuza na mbwa. Atakwambia unataka kuvunja historia. Na historia anayoilinda ni nini? Ni ya mtu aliyeng'oa moyo wa Kiingereza akatia wa Kimarekani! Kwa hiyo ile hoja ya kwamba gari lisiguswe kwa sababu mtengenezaji ndivyo alivyokusudia, mimi naona imekufa hapo hapo. Kilichokuwa ukatili mwaka 1962 leo ni asili, na asili yenyewe haina kumbukumbu ya namna ilivyoanza.

Kuna wanaokimbilia falsafa. Wanakuletea jahazi la Theseus. Plutarch alieleza kwamba watu wa Athens walilihifadhi jahazi la shujaa wao huyo, na kila ubao ulipooza wakatoa wakaweka mwingine, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni jahazi lile lile. Karne nyingi baadaye Mwingereza Thomas Hobbes akalitia chumvi swali: vipi kama mtu aliziokota zile mbao kuukuu moja moja akazijenga tena jahazi? Sasa lipi ni la Theseus? Ni swali zuri la kupotezea jioni kijiweni. Lakini kwa gari letu halisaidii sana. Watu wa Athens walitoa ubao wakaweka ubao. Walitaka lisibadilike. Anayetia injini mpya anataka libadilike, tena anajivunia hilo. Swali lake si kama gari ni lile lile. Anajua si lile lile. Swali ni kama alikuwa na ruhusa, na ruhusa hiyo alipaswa kuiomba kwa nani.

Na kama ni kuhusu kuwa yule yule, Shelby mwenyewe ametujibu kwa mwili wake. Mwaka 1990 alipandikizwa moyo wa mtu mwingine. Mwaka 1996 akapandikizwa figo. Akaishi mpaka Mei 2012, akafa akiwa na miaka 89. Hakuna aliyesema huyu si Shelby tena. Hakuna aliyemtaka abadilishe jina. Mshikaji wangu mmoja nilipomweleza haya alinijibu haraka: "Usilinganishe. Mtu ana akili, anakumbuka alikotoka. Gari linakumbuka nini?" Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa. Ni kweli, Shelby aliamka na kifua kipya akawakumbuka watoto wake. Gari haliamki na kitu. Lakini nadhani rafiki yangu alikuwa ameshika shoka kwa makali bila kujua. Kwa kuwa gari halina akili ya kukumbukia, kumbukumbu zake zote zimo kwenye chuma. Alama ya nyundo ya fundi wa 1955, kovu la kuchomelea, namna kabureta inavyokohoa asubuhi ya baridi, ndiyo akili yake. Mtu ukimtoa moyo unamwachia kumbukumbu. Gari ukilitoa injini, sehemu ya kumbukumbu imeondoka na winchi.

Tulete jambo nyumbani kidogo, maana huku mitaani kubadili injini si falsafa, ni riziki. Nani hajaona Land Rover ya zamani inayotembea na injini ya dizeli ya Kijapani? Spea za Mwingereza hazipatikani au bei yake inaua, basi fundi anatafuta injini iliyoshuka bandarini, anapima kwa macho, anakata, anafunga, gari linakwenda shamba. Nilimwuliza mzee mmoja makenika wa Ilala ambaye kazi hiyo ameifanya miaka mingi kuliko umri wangu.

"Shikamoo mzee. Hivi wewe huoni kama unaua gari la watu?"

"Marahaba. Kijana, gari lisilo na spea limeshakufa. Mimi nalifufua. Ulitaka nilizike?"

"Na likiwa zima? Mtu anataka tu likimbie zaidi?"

Akacheka. "Hapo ni pesa yake. Ila tazama hapa." Akanionyesha vile vyuma vinavyokalia injini. Vilikuwa vimefungwa kwa bolti, havikuchomelewa kwenye chesisi. "Mimi sikati kama naweza kufunga. Sijui huyo atakayelinunua kesho atataka nini."

Ukiniuliza mimi, huyu mzee ameingia ndani ya swali kuliko Hobbes. Hakuongea juu ya gari. Aliongea juu ya mtu wa kesho ambaye hayupo pale kujitetea. Na tukishaanza kuongea juu ya watu badala ya vyuma, tunaona kwamba gari lenyewe halidai kitu, halina haki wala heshima ya kuvunjiwa. Wanaodai ni watu. Yupo aliyelitengeneza, ambaye mara nyingi ameshakufa. Yupo anayelimiliki leo, huyo anasikika sana kwa kuwa ndiye mwenye funguo. Yupo atakayelimiliki kesho. Halafu wapo watu ambao hawatalimiliki kamwe, kama mimi na wewe, lakini wana hamu ya kujua watu wa zamani walikuwa wakifanyaje mambo yao.

Cha kwanza kabisa wanachodai wote hawa ni kuambiwa ukweli. Hata kadi ya gari inalijua hilo, ndiyo maana ina namba ya chesisi na namba ya injini, kila moja mahali pake; ukibadili injini unatakiwa uwajulishe wenye daftari. Na hapa Shelby anatupa mfano mwingine, safari hii si wa kumsifu. Miaka ya tisini alikuwa akiuza Cobra za lita saba akisema zimejengwa juu ya chesisi zilizobaki tangu miaka ya sitini. Mwaka 1993 gazeti la Los Angeles Times likaandika kwamba chesisi zile zilikuwa zimetengenezwa upya, si mabaki ya zamani. Ona maajabu haya. Mtu huyu huyu mwaka 1962 alibadili moyo wa gari mchana kweupe, kila mtu akaona, akabandika jina jipya, na sioni aliyedhulumiwa. Miaka thelathini baadaye akatengeneza gari linalofanana na la zamani kwa kila kitu, bila kubadili chochote, na hapo ndipo kulipokuwa na dhuluma. Aliyebadili hakukosa. Aliyeiga kwa uaminifu wote ndiye aliyekosa, kwa sababu ya tarehe.

Mpaka hapa ningeweza kuweka kalamu chini na kusema: badili upendavyo, ila sema. Wengi wanaishia hapo. Mimi naona hapatoshi, na kilichonizuia ni gari moja ambalo wazee wetu walilikimbilia barabarani kulishangilia.

Datsun 240Z. Wajapani walilitoa mwishoni mwa 1969. Injini ya silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili, nguvu za farasi kama 150, uzito wake tani moja na kidogo. Mwaka 1971, mbio za Safari zilipokuwa bado za Afrika Mashariki na si za Kenya peke yake, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa ndani yake. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akisomewa ramani na Lofty Drews. Gari la spoti, la chini chini, lililobuniwa kwa barabara za Marekani, likapita kwenye tope letu na mashimo yetu na kutoka mbele. Lile la 1971 Nissan wanalitunza huko Zama, Japani.

Leo 240Z ni moja ya magari yanayopendwa sana na wabadilishaji. Injini wanayoiota wengi ni ile ya Skyline GT-R iliyotengenezwa kuanzia 1989, lita 2.6, tabo mbili, nguvu 280 kwa hesabu rasmi na zaidi sana kwa hesabu ya mtaani. Inaingia, tena ni ya ukoo ule ule wa Nissan. Lakini lile gari lilichorwa likiwa na breki za ngoma nyuma. Basi breki zinakwenda, difu inakwenda, gia boksi inakwenda, mahali pengine grenda inapita kwenye bodi, na waya za kompyuta zinatambazwa ndani. Ukimaliza una gari la ajabu kweli kweli, silikatai, ningepewa leo nisingelala. Ila dereva wake hatajua kamwe kile alichokijua Mehta: namna ya kubembeleza nguvu 150 kwenye tope, kusikiliza kabureta, kujua kwa makalio kwamba gurudumu la nyuma linataka kuteleza. Kompyuta inamjulia.

Sasa niambie, ni nani angethubutu kuligusa lile la Zama kwa grenda? Hakuna. Kwa nini? Si kwa sababu ni zuri kuliko mengine. Ni kwa sababu ni shahidi. Ukimpa shahidi ulimi mwingine hata ukiwatangazia watu wote kwamba umefanya hivyo, ukweli huo hausaidii kitu, maana tulichotaka kusikia hakipo tena. Hapa kusema peke yake hakutoshi.

Na wasiwasi wangu uko hapa. Ushahidi hauishi kwenye yale mashuhuri tu. Zilitengenezwa 240Z zaidi ya laki moja na nusu. Wa kwanza aliyekata ya kwake hakupunguza kitu. Wa elfu moja vile vile. Lakini mashamba yanaliwa hivyo hivyo, kwa shoka la mtu mmoja mmoja ambaye kila mmoja ana hoja nzuri, na siku moja gari la kawaida, la karani fulani, lisilo na taji lolote, linakuwa ndilo la mwisho linaloweza kuonyesha karani wa 1972 aliendeshaje kwenda kazini. Halitapiga honi kututangazia kwamba sasa limekuwa shahidi.

Hapa wenzangu waandishi mtanikatiza. Mtasema: mbona sisi tunafanya hivyo kila siku? Vijana wa miaka ya sabini, akina Kezilahabi na Kichomi chake cha 1974, si walilichukua shairi la Kiswahili wakang'oa vina na mizani, na wazee wakapiga kelele kwamba hilo si shairi? Leo wote wawili wanasomwa. Kweli kabisa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiutumia mfano huo kuwatetea wenye grenda. Lakini tazama tofauti. Kezilahabi alipoandika bila vina, hakuna beti hata moja ya Muyaka iliyopungua. Tenzi zilibaki rafuni zilivyokuwa. Unaweza kumtia Utendi wa Tambuka injini ya roketi leo usiku, kesho asubuhi utenzi wa Pate wa 1728 upo pale pale, haujui hata kwamba uliguswa. Hadithi ukiigeuza unaiongeza. Gari ukiligeuza unalila. Mwandishi anayetaka kufananishwa na fundi wa injini sharti achukue hati yenyewe ya zamani, karatasi yenyewe, aifute wino, aandike riwaya yake juu yake. Nani kati yetu angefanya hivyo, hata kama riwaya yake ni bora kuliko utenzi?

Naona wapo walioanza kutafuta njia ya katikati. Mwaka 2017 Jaguar walionyesha E-Type ya 1968 iliyotiwa mota ya umeme, ile ile ya aina ambayo mwaka uliofuata dunia nzima iliiona kwenye harusi ya Prince Harry. Waliifanya betri na mota vikae mahali palipokuwa na injini na gia boksi, kwa ukubwa na uzito unaokaribiana, ili siku mtu akitaka airudishe ya zamani. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, halikuridhika: gari lililogeuzwa la umeme, walisema, limetoka katika maana ya gari la kihistoria. Ila wakatoa ushauri kwa watakaofanya hivyo: mabadiliko yawe ya kurudishika, na kila kilichotolewa kiwekwe alama na kuhifadhiwa. Ukitoa Kiingereza chake, ni maneno yale yale ya mzee wa Ilala na bolti zake.

Kwa hiyo siku hizi nikikutana na kijana anayenionyesha picha ya gari la kale lenye injini mpya, simwulizi lina nguvu ngapi. Namwuliza ile ya zamani iko wapi. Wengine wananikodolea macho. Mmoja alinijibu vizuri: ameipaka grisi, ameifunga kwa turubai, ameandika namba ya chesisi kwa rangi juu yake, iko stoo nyuma ya nyumba ya mama yake. Nikamwambia safi sana. Halafu nikiwa njiani kurudi nikaanza kumfikiria yule mama. Injini ni kilo mia mbili na ushee, inakalia nafasi ya magunia ya mkaa, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mtaa ule kila Jumamosi na mizani yao.